Jopo la usalama Wilson lisingoje mkasa mwingine

KILA ndege inapoanguka nchini Kenya, serikali huharakisha kuunda jopo. Wachunguzi hutumwa mahali pa mkasa, mabaki hukusanywa na taifa huahidiwa ripoti. Ndivyo ilivyokuwa Juni 2012, wakati helikopta ya polisi iliyombeba Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti, na naibu wake, Bw Orwa Ojode, ilipoanguka katika msitu wa Ngong muda mfupi baada ya kupaa kutoka uwanja wa Wilson. Watu sita walifariki na tume ikaundwa chini ya uenyekiti wa Jaji Kalpana Rawal.

Jopo la namna hiyo lina umuhimu wake, lakini hufika matanga yakiwa yameshaanza. Lipo jopo la aina ya pili ambalo halizungumziwi sana: lile linaloketi kabla ya ajali, likauliza ni jambo gani linaweza kwenda mrama na nani alizuie. Ni vigumu kupata mahali nchini panapolihitaji zaidi kuliko Wilson.

Uwanja huo ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920, Nairobi ilipokuwa mji mdogo uliozungukwa na nyika. Leo unapakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi upande mmoja, na kwingineko umezungukwa na mitaa ya Lang'ata, Nairobi West na South C, ambako nyumba za ghorofa zimezidi kuchipuka. Ndege za watalii, za misaada, za wagonjwa, helikopta za wanasiasa na ndege ndogo za wanafunzi hutumia anga hiyo hiyo. Isitoshe, uwanja mkuu wa Jomo Kenyatta na ule wa kijeshi wa Eastleigh haviko mbali.

Aidha, Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo injini hupungua nguvu na ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa, hasa ikiwa imebeba mzigo mzito wakati wa jua kali.

Matukio ya karibuni yanaonyesha kwamba hofu hizi si za kubuni. Mnamo Machi 5, 2024, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 44, ikielekea Diani, iligongana na ndege ya mafunzo juu ya mbuga. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki, huku ile kubwa ikifaulu kurejea Wilson. Mnamo Agosti 7, 2025, ndege ya matibabu iliyotoka Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, Kaunti ya Kiambu. Watu sita walifariki, wawili kati yao wakiwa hawakuwa ndani ya ndege hiyo. Hatari ya uwanja, kwa hivyo, humfikia hata mtu asiyewahi kununua tiketi.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege, ICAO, limeweka utaratibu wa kupima hatari za aina hii. Kila hatari hupewa alama mbili: moja ya uwezekano wa kutokea, kuanzia 1 hadi 5, na nyingine ya ukubwa wa madhara, kuanzia A hadi E, ambapo A ni maangamizi. Ndege mbili kugongana angani ni jambo la nadra, lakini madhara yake ni A. Haliwezi kuachwa kwa kisingizio kwamba halijatokea kwa muda mrefu. Ni lazima litafutiwe dawa, iwe ni kutenganisha saa za mafunzo na za abiria, kubadilisha njia za angani, au kuhamishia sehemu ya mafunzo katika viwanja visivyo na shughuli nyingi.

Hata hivyo, alama hizo hutegemea wanaozitoa. Jopo la wakubwa wa ofisini pekee litaona yale yaliyo kwenye makaratasi. Wanaohitajika ni marubani, waongozaji ndege, mafundi, wazima moto, maafisa wa wanyamapori wanaojua nyendo za ndege wa porini, wapangaji wa jiji na wawakilishi wa wakazi. Fundi aliyeona ufa kwenye lami ya njia ya kurukia naye ahakikishiwe kwamba hataadhibiwa kwa kusema.

Suala gumu zaidi ni uhuru wa jopo. Mamlaka ya Safari za Ndege, KCAA, ndiyo inayosimamia sheria za usalama, na ndiyo hiyo hiyo inayoongoza ndege angani. Halmashauri ya Viwanja vya Ndege, KAA, ndiyo inayomiliki viwanja na kukusanya ada. Mashirika ya ndege na shule za urubani nayo yana biashara ya kulinda. Wote wanastahili kiti, lakini hakuna anayestahili kuwa mwenyekiti. Ngoma haiwezi kuamuliwa na anayeicheza.

Kisha kuna siasa. KCAA ina mamlaka ya kuidhinisha kimo cha majengo yaliyo karibu na viwanja, lakini ghorofa likishajengwa na wapangaji kuingia, kulipunguza ni vita mahakamani. Jopo lisilo na uwezo wa kuzungumza na Serikali ya Kaunti ya Nairobi kabla ya msingi kuchimbwa litakuwa la kuandika malalamiko tu.

Ndiyo maana maandalizi ni muhimu kuliko uzinduzi. Kabla ya kikao cha kwanza, wanajopo wapewe kumbukumbu za visa vya kuponea chupuchupu, wala si vya vifo pekee. Kila pendekezo liwe na mhusika, bajeti na tarehe ya mwisho, na muhtasari wake uchapishwe ili umma ujue lipi limetekelezwa na lipi limekaliwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa Wilson, nyufa zinajulikana na majirani wanazidi kuongezeka. Serikali haina sababu ya kusubiri mazishi mengine ndipo iteue wajumbe.