Nyanya Zisije Zikakugombanisha na Mwenzio

Mwezi huu tunaingia jikoni, maana ugomvi mwingine unaanzia huko.

Shoga yangu mmoja wa Mbagala alinipigia simu analia. Mumewe alipita soko la Temeke Stereo, akakuta nyanya bwerere, akanunua sado mbili. Bibie akazifunga kwenye mfuko, akausukumia chini ya meza. Siku ya nne nusu nzima zimeoza, mume akafoka: “Hela yangu unaitupa jalalani!” Wakanuniana wiki nzima.

Shoga, nyanya zinazotoka Ilula kule Iringa hufika Dar zimebanana ndani ya tenga, na za chini zimeshabonyea. Ukiziongezea joto la chumba kimoja na mfuko usiopitisha hewa, unategemea nini?

Zikifika tu, zimwage kwenye ungo uzichambue. Zilizopasuka pika siku hiyohiyo, maana moja ikioza inaambukiza wenzake. Usizioshe mpaka unapotaka kuzitumia. Majimaji yanaleta ukungu. Zilizobaki zipange safu moja kivulini, upande wa kikonyo ukiangalia chini, kwani pale ndipo zinapopotezea maji. Ndizi mbivu ziweke mbali, zinatoa hewa inayoivisha nyanya haraka. Kila asubuhi pitisha jicho.

Wenye friji msijidai! Nyanya ambayo haijaiva ikikaa kwenye baridi kali haiivi vizuri na ladha inapotea. Ingiza zilizoiva kabisa tu, na za kachumbari zitoe mapema zipoe ubaridi.

Zikizidi, tengeneza rojo. Zichemshe kidogo, menya, saga, kisha pika mpaka maji yakauke. Ikipoa, gawa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, weka kwenye friza. Huna muda? Zioshe, zikaushe, zigandishe nzimanzima. Ukizitoa ganda linavuka lenyewe. Umeme ukikatika, usifungue friza ovyo. Kama huna friji, nunua fungu la siku mbili tatu, usidanganywe na bei ya sado.

Na nyie akina baba, kabla ya kubeba sado mbili, piga simu nyumbani uulize zilizopo. Shoga yangu na mumewe sasa wanachambua pamoja jioni, huku wakipiga stori. Mapenzi si maua tu, jamani, hata ungo wa nyanya unatosha.

Tukutane mwezi ujao!