Kompyuta Inapoomba Idhini

Katika duka moja la stesheneri huko Mbagala Rangi Tatu, wilayani Temeke, nilikuwa nikimngojea kijana mwenye duka anichapie barua. Yeye alikuwa akiweka programu ya kuhariri picha aliyoletewa na rafiki yake katika flashi. Mara skrini ikafifia, kikatokea kisanduku chenye swali la Kiingereza. Kijana akabonyeza "Yes" huku akimhesabia mteja chenji. Nilipomwuliza kompyuta ilitaka nini, alinijibu, "Mzee wangu, hiyo huwa inauliza tu."

Baada ya majuma mawili nilirudi pale. Programu ile haikuja peke yake. Kila flashi iliyochomekwa katika kompyuta ile mafaili yake yalifichwa, na mahali pake pakaachwa majina matupu. Miongoni mwa waliopatwa alikuwa binti aliyemaliza kidato cha sita, ambaye alileta nakala za vyeti vyake ili ajaze maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Vyeti vilipatikana jioni. Siku nzima ilikuwa imepotea.

Yafaa basi tueleze swali lile linauliza nini. Kompyuta ya Windows huwa na akaunti za namna mbili. Mtumiaji wa kawaida aweza kuandika, kuchapa na kuhifadhi kazi zake mahali pake mwenyewe. Msimamizi aweza kuubadili mfumo wote: kufuta akaunti za wengine, kusoma mafaili yao, hata kuizima programu ya kukinga virusi. Programu inayotaka kuwekwa kwa matumizi ya watu wote wa kompyuta hiyo hulazimika kupata mamlaka haya ya pili. Kwa hiyo watengenezaji wake huandika ndani yake tangazo dogo la kuyaomba. Programu ya zamani isiyo na tangazo hilo Windows huikisia, pengine kwa jina lake tu, iwapo lina neno kama "setup" au "install". Skrini hufifia ili programu nyingine isipate nafasi ya kubonyeza kitufe kwa niaba yako.

Utaratibu huu uliingia na Windows Vista mwaka 2007. Kabla yake, katika Windows XP, watu wengi walifanya kazi kama wasimamizi kutwa kucha, na kila programu waliyoifungua ilirithi mamlaka yao bila kubisha hodi.

Mfano wake ni muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti hupokea barua ya mkazi, huisoma, humwuliza mawili matatu, ndipo apige muhuri. Lakini programu inayosakinishwa haiombi kupigiwa muhuri barua moja. Inaomba iachiwe muhuri pamoja na wino mpaka imalize shughuli zake, na mwenyekiti asione imepiga mara ngapi.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Zilizokuwapo zilikaa katika ofisi chache, chini ya wataalamu. Mwaka huohuo Jerome Saltzer, mtaalamu wa Chuo cha MIT huko Marekani, alichapisha makala kuhusu ulinzi wa mfumo wa Multics. Humo alieleza kanuni kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yanayomtosha kwa kazi yake tu. Leo kompyuta zimefika hadi Tegeta na Mbagala, nasi tumejikuta sote wasimamizi pasipo kufundishwa usimamizi.

Kwa hiyo simlaumu kijana yule. Ameulizwa mara nyingi mno, kwa lugha asiyoimudu vizuri, na jibu la "Yes" ndilo pekee linalomruhusu aendelee na kazi. Nawalaumu zaidi watengenezaji wanaoomba muhuri pasipo haja, maana zipo programu, mathalani Chrome, ambazo zaweza kuwekwa mahali pa mtumiaji mwenyewe bila mamlaka ya msimamizi.

Hata hivyo, shule zetu haziwezi kuwangojea watengenezaji. Chumba cha kompyuta ambamo kila mwanafunzi ni msimamizi ni sawa na bohari ya shule isiyo na mlango. Wanafunzi wafanye kazi katika akaunti za kawaida. Hapo kisanduku hakitaridhika na kitufe, kitadai nywila ya msimamizi. Najua mwalimu atauliza: je, mwenye nywila akiwa safarini, na darasa zima limekaa linangoja? Hoja hiyo ni ya haki. Dawa yake ni walimu wawili kuijua nywila, na programu za muhula kuwekwa kabla ya shule kufunguliwa.

Wanafunzi nao wafundishwe kukisoma kisanduku. Kina jina la programu na jina la mchapishaji wake. Mchapishaji asipojulikana, Windows husema hivyo wazi. Jina kujulikana si ushahidi wa wema, lakini lisipojulikana pana sababu ya kusita. Na programu ikikutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuiweka, huyo ni mgeni anayetaka mbwa afungwe kwanza.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mwaka 2004 mradi uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na Microsoft nayo imetoa vifurushi vya Kiswahili vya Windows. Sioni kwa nini swali zito kama hili mwanafunzi wa kidato cha kwanza alisome kwa kubahatisha.

Kijana wa Mbagala nilimsaidia kusafisha kompyuta na kufungua akaunti ya pili. Kuifungua kulituchukua muda mfupi kuliko kuchapa barua yangu. Nywila ya usimamizi ameiandika katika daftari la madeni, ambalo, kwa maelezo yake, hakuna mteja apendaye kulifunua.