Teksi ya anga na gunia la dagaa

KUTOKA GATINI, na Bwana Mgebuka

Wiki hii nilialikwa semina hapa mjini. Mnaonisoma siku nyingi mnajua mimi na sambusa za semina tulivyo, kwa hiyo nilikwenda mapema.

Mwezeshaji alikuwa kijana wa Dar es Salaam, viatu vimechongoka. Alitwambia shida ya mkoa wetu ni kukosa teksi ya anga: vijeti vidogo vya abiria wanne au watano, unaita kwa simu, kinakuchukua Kigoma saa mbili asubuhi na kabla ya saa nne uko Dar. Kisha akatuonesha picha ya “ziwa letu”. Katikati ya picha, jiwe la Bismarck! Mzee wa Ujiji niliyekaa naye akakohoa. Huyu mtoto, akaninong'oneza, ametua Mwanza.

Tangu hapo sikumsikiliza kwa wema, wala sijutii. Kijeti kinataka lami. Lami ipo Kigoma mjini, na Kigoma mjini ndiko Air Tanzania inakotua tayari. Atakayepanda hicho kijeti ni yule yule anayepanda ndege leo, ila hataki kukaa na sisi. Mtu wa Buhingu au Kalya, ambaye akiugua usiku hutiwa kwenye mtumbwi, hakutajwa hata mara moja.

Watalii wa Mahale hushukia wapi? Kwenye kiwanja cha udongo, kwa Cessna Caravan, halafu wanapanda boti. Caravan haina urembo: injini moja puani, panga moja, magurudumu yananing'inia nje saa zote. Lakini udongo inauweza. Kijeti hukaa chini chini, injini zake ziko nyuma ya magurudumu, kokoto moja ikirushwa ndani una hasara ya kuuza nyumba. Hata madaktari wa AMREF, wanaoruka tangu 1957 na jeti wanazo, kwenye viwanja vya vumbi hupeleka Pilatus ya panga.

Naomba nizunguke kidogo, mhariri anivumilie. Meli yetu ya Liemba iliundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Kwa nini watu wa mwambao huu waliipenda hivyo? Kwa sababu ilisimama pasipo na gati. Ilipiga honi, mitumbwi ikaifuata majini, mama akapandishwa na kuku wake na ndoo yake ya mawese. Hiyo ndiyo teksi. Siku ilipolala bandarini kungoja matengenezo, hakuna aliyeitisha semina kwa watu wa Kalya.

Basi kule semina nikanyoosha mkono nikamuuliza kijana habari za DayJet. Hakuijua. Nikamweleza: Florida, Marekani, 2007, tajiri Ed Iacobucci, yule mwanzilishi wa Citrix, alianza kuuza viti katika vijeti vya Eclipse 500. Alikuwa na kompyuta za kupanga nani aruke na nani, na viwanja vya lami kila mji. Septemba 2008 akafunga, mwaka haujatimia. Miezi miwili baadaye waliounda vijeti vyenyewe nao wakafilisika. DayJet wenyewe walisema mitaji ilikauka. Mimi nasema abiria hawakuwepo, na kama Florida hawakuwepo, Uvinza watatoka wapi?

“Mzee, tusiwe na mtazamo hasi,” akanijibu.

Hapo akasimama mama mmoja wa Kibirizi, anayeanika dagaa, magamba bado yanang'aa kwenye mikono. Kijana akamwahi kwa shikamoo. Mama akaitikia, akauliza, “Sasa mwanangu, gunia langu nalo lina kiti?”

“Mama, mizigo iko awamu ya pili.”

“Na mimi nitatangulia Dar kufanya nini bila gunia?”

Kijana akageukia picha zake, akabonyeza, likarudi jiwe la Bismarck.

Basi mwanetu, tuletee kwanza hiyo awamu ya pili. Ya kwanza wape waheshimiwa wabunge. Wao hawasafiri na dagaa, huletewa.