Kiwanja cha ndege cha Luano ni cha nani?



Kila siku ndege zinapita juu ya nyumba zetu. Leo tuulize neno moja: kiwanja cha Luano ni cha nani?

Wakati wa Wabeleji jibu lilikuwa wazi. Mwaka 1910 gari la moshi lilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa kuchukua shaba. Mwaka 1925 Edmond Thieffry aliruka toka Bruxelles mpaka Léopoldville, na nyuma yake Sabena ikafungua njia za ndege za koloni. Baba zetu walichimba shaba. Wakubwa walipanda ndege.

Uhuru ukafika. Lakini tarehe 12 Julai 1960 Rais Kasavubu na Waziri wa Kwanza Lumumba walikatazwa kutua Elisabethville, katika inchi yao wenyewe! Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Mpolo na Okito waliteremushwa Luano wakiwa wafungwa. Usiku ule wakauawa. Mwezi wa Desemba mwaka ule, askari wa Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga walipigania barabara ya kutoka kiwanja mpaka muji. Wenye kutafuta ukubwa walijua samani ya Luano. Sisi je?

Sasa tunaambiwa kiwanja ni cha raia. Vema. Mwaka 2009 iliwekwa Go Pass: dola 50 kwa musafiri wa kwenda inje, dola 10 kwa musafiri wa ndani ya inchi, feza za kutengeneza viwanja. Toka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na reli inakoma Ilebo. Mugonjwa anayepelekwa Kinshasa hapandi ndege kwa kujifurahisha. Naye alilipa.

Mutu akilipa, ana haki ya kuuliza. Tunataka hesabu zibandikwe ukutani mwa kiwanja kila mwezi, kwa Kiswahili: feza ngapi ziliingia, zilifanya kazi gani, nani alitia sahihi.

Mugodini kila gari la mawe linahesabiwa, na mufanyakazi akikosa siku moja, inakatwa katika mushahara. Basi feza zetu nazo zihesabiwe vilevile. Mwenye shamba haombi ruhusa ya kujua mavuno yake.

Luano ni yetu. Tuonyeshwe hesabu!