Swali Lililochelewa Miaka Miwili
Wiki hii steshenari moja ya Mbagala ilijaa vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Binti mmoja alikuwa akiomba mkopo wa elimu ya juu, na ilipofika zamu ya kuchagua kozi ya chuo akamgeukia mwenye kompyuta: “Kaka, HGL inaniingiza wapi?” Kaka wa watu akamtajia sheria na ualimu, akarudi kwenye kudurufu. Samaki mkunje angali mbichi. Swali hilo ni la kidato cha nne, siku ya kujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, maana mwenye tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) haingii udaktari hata apate A tupu. Na tangu 2024, tahasusi zilipoongezwa kutoka 16 hadi 65, kuchagua kumezidi kuwa kazi. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha masomo yanayotakiwa kwa kila kozi, tena bure mtandaoni. Shule inayomfikisha mtoto kwenye mtihani wa mwisho bila kuufungua mwongozo huo pamoja naye imemtelekeza njiani. Walio kidato cha nne sasa bado wana nafasi: matokeo yakitoka, hupewa muda wa kubadili tahasusi.