Paa la nyasi halitoshi ziwani

Ufuo wa Dunga, kusini kidogo mwa jiji la Kisumu, huamka kabla ya jiji lenyewe. Mashua zinarudi na mbuta (sangara), kina mama wanavutana bei na wavuvi, na pembeni vijana wa kikundi cha utalii wa mazingira wanamsubiri mgeni mwenye darubini shingoni. Akija, hupandishwa mashua hadi kwenye kinamasi, injini ikazimwa, kila mtu akanyamaza. Anayetafutwa ni gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, utosi wa njano, kifua chekundu cha kung'aa. Ndege huyu hutegemea mafunjo kwa kila kitu, na yakifyekwa hana pa kuhamia.

Mgeni yule akishuka, mwenye mashua amelipwa, kijana aliyemwongoza amelipwa, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mama fulani amemkaangia samaki. Hakuna hata mmoja wao mwenye hoteli. Lakini wote wana sababu ya kukasirika mtu akija usiku kuchoma kinamasi ili apande mboga.

Hicho ndicho kipimo kinachofaa kutumiwa kwa hoteli zinazojiita rafiki wa mazingira kando ya Ziwa Victoria. Siku hizi jina hilo linapatikana kwa bei nafuu mno. Ezeka paa la nyasi, weka paneli mbili za sola, mwombe mgeni atumie taulo moja siku mbili, na tayari una hoteli ya kijani. Ecotourism Kenya imekuwa ikipanga hoteli katika madaraja ya shaba, fedha na dhahabu tangu 2002, lakini kujiunga ni hiari, na msafiri wa kawaida hana habari kwamba mpango huo upo.

Upande wa Kenya, ziwa lilianza utalii wake kwa mtindo mwingine kabisa. Kwa miaka mingi mgeni aliruka kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara, akafika kisiwa cha Rusinga au cha Mfangano, akavua sangara, akapiga picha, akarudi. Safari ya namna hiyo kwa kawaida hulipiwa kwa wakala wa Nairobi au Ulaya kabla mgeni hajaona maji. Kisiwa hubaki na mishahara ya wapishi na wasafishaji, na mishahara si haba. Hata hivyo, mfanyakazi si mwenye mali, na kinamasi kikivamiwa yeye hana kiti kwenye meza ya kuamua.

Mfano wa kinyume uko humu humu nchini. Mwaka 1996 Wamaasai wa Il Ngwesi, kule Laikipia, walifungua hoteli ndogo katika ardhi ya ranchi yao ya pamoja. Wao ndio wenye ardhi na ndio wenye hoteli. Faida imesomesha watoto na kugharimia afya, na sehemu kubwa ya ardhi ikaachiwa wanyama kwa sababu wenyewe waliona hesabu inalipa. Mwaka 2002 walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Sasa ni karibu miaka 30, na mtu ana haki ya kuuliza kwa nini ufuo wa Nyanza, wenye vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vilivyokwisha kuzoea kusimamia mali ya pamoja, haujapata Il Ngwesi yake.

Kuna wanaosema ziwa si Laikipia, halina ndovu wa kuvuta watalii. Ni kweli kwamba Kisiwa cha Ndere, hifadhi ya taifa tangu 1986, kina ukubwa wa kilomita 4.2 za mraba tu, na hifadhi ya swala pala iliyo Kisumu mjini ni ndogo zaidi. Lakini anayesema hivyo hajatazama vizuri. Katika Kinamasi cha Yala, Siaya, kuna nzohe, paa anayeishi majini nusu ya maisha yake. Katika Ziwa Kanyaboli lililo ndani ya kinamasi hicho, ngege wa asili bado anaishi, samaki ambaye Ziwa Victoria lenyewe limekaribia kumpoteza. Kule Mfangano kuna michoro ya kale kwenye miamba, na Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba yanayoihifadhi yalianzishwa na wenyeji. Rusinga ndiko Mary Leakey alikochimbua fuvu la Proconsul, nyani mkubwa wa kale, mwaka 1948, na ndiko alikozikwa mwanasiasa Tom Mboya. Mali ipo. Kinachokosekana ni kitanda cha kulala mgeni ambacho kijiji kinaweza kukiita chake.

Tena mafunjo si pambo la mandhari. Mizizi yake hunyonya naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji machafu yanayoteremka kutoka mjini, uchafu ule ule unaolilisha gugumaji ambalo limeisumbua Ghuba ya Winam tangu miaka ya 1990. Ndani ya mafunjo hewa ya oksijeni ni kidogo, sangara hawezi kuvumilia, na kwa hiyo furu na kamongo hupata mahali pa kujificha. Hoteli inayofyeka mafunjo ili mgeni aone machweo vizuri imemfukuza samaki ambaye jirani yake angemvua mwakani.

Choo nacho ni suala zito, ingawa hakiandikwi kwenye vipeperushi. Chumbe, kisiwa kidogo cha Zanzibar, kina vyumba saba tu vya wageni. Maji ya mvua hukingwa paani, vyoo ni vya mboji visivyotumia maji, na maji ya kuogea huchujwa kwenye bustani ya mimea. Wavuvi wa zamani walifunzwa kuwa walinzi wa matumbawe. Ikiwa kisiwa kisicho na chemchemi kimeweza, hoteli iliyo kando ya ziwa ambalo watu huchota maji ya kunywa haina kisingizio cha kuelekeza bomba ziwani.

Tatizo gumu zaidi ni kalenda. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na hapo ndipo familia nyingi huishiwa. Ingekuwa vyema watalii wazibe pengo hilo, ila Aprili na Mei ni masika, na wageni wa ng'ambo huanza kumiminika Julai wakifuata nyumbu wa Mara. Anayeweza kuja Aprili ni Mkenya aliye likizo ya Pasaka na watoto wake. Kwa ajili yake, treni ya Nairobi hadi Kisumu ilirudi Desemba 2021. Lakini bei za hoteli nyingi za visiwani bado zinamtazama mgeni wa dola.

Na ziwa lenyewe halijali mkataba wa mtu. Mei 2020 lilipanda likavunja rekodi ya 1964, likameza vibanda, mashamba na kuta za hoteli zilizojengwa karibu mno na maji. Kanuni za mazingira za 2009 kuhusu kingo za mito na fukwe za maziwa zilikuwepo muda wote huo.

Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti utalii wa ndani ya maeneo yao pamoja na leseni za biashara. Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia zingeweza kukubaliana masharti machache kabla ya leseni kutolewa: hisa ya kijiji iliyoandikwa, si ahadi ya mdomo, waongozaji kutoka ufuo huo huo, choo kilichokaguliwa, na mafunjo kubaki yalipo. Mwekezaji atakayeona masharti hayo ni mazito ajenge hoteli ya kawaida, alipe kodi kama wengine, ila asiruhusiwe kuandika "rafiki wa mazingira" kwenye bango lake.