TAREHE MBILI ZA AMRI MOJA

Wasomaji wetu wengi ni watu wa kalamu, nao wajua ya kuwa kila barua ya ofisini ina tarehe mbili: ile iliyoandikwa juu yake, na ile ya muhuri wa siku ilipopokewa. Twaomba waitazame tarikhi ya jimbo la Texas, katika nchi ya Marekani, kwa jicho hilo.

Texas hujivunia mwaka 1836, walowezi wake walipojitenga na Mexico, na mwaka 1845, ilipoingia katika Muungano wa Marekani. Lakini Mexico ilikuwa imetoa amri ya kukomesha utumwa mwaka 1829 (walowezi wakaombewa wasamehewe, wakasamehewa), na katiba ya Texas ya mwaka 1836 iliuthibitisha utumwa. Basi mwaka ambao bwana aliuita wa uhuru, mtumwa wake hakuwa na sababu ya kuushangilia.

Tarehe 1 Januari 1863 Rais Lincoln alitangaza ya kuwa watumwa wote wa majimbo yaliyoasi wako huru. Texas ilikuwa mojawapo. Hata hivyo palipita karibu miaka miwili na nusu, hata tarehe 19 Juni 1865, ndipo Jemadari Gordon Granger alipotoa Amri Nambari 3 mjini Galveston, na watumwa wapatao 250,000 wakahusika nayo.

Husemwa ya kuwa habari zilichelewa njiani. Sisi hatusadiki kabisa, kwani wako waliokwisha kuzisikia. Kilichokosekana ni jeshi la kuitimiza amri. Na mabwana walilijua jambo hilo, maana wengine waliwahamishia watumwa wao Texas makusudi, ili wawe mbali na askari wa Serikali.

Tena amri ya Granger yastahili kusomwa hata mwisho. Kwanza yataja usawa kamili wa haki na mali baina ya bwana na aliyekuwa mtumwa wake. Kisha yawashauri hao walioachwa huru wakae kimya pale pale walipo, wafanye kazi kwa ujira, wala wasikusanyike penye kambi za askari. Nyaraka za namna hiyo tumepata kuziona: mstari wa kwanza wafungua mlango, wa mwisho warudisha komeo.

Walioitunza tarehe hiyo ni wenyewe. Mwaka 1872 watu weusi wa mji wa Houston walichanga fedha wakanunua ekari 10, wapate mahali pa kuiadhimisha. Serikali ya Texas iliifanya sikukuu kuanzia mwaka 1980, na Serikali ya Marekani nzima mwaka 2021.